Kikohozi Kwenye Kipaza Sauti

Mtaa mzima wa Shika Adabu ulijua kwamba ninaumwa kabla ndugu zangu hawajajua. Mimi ni muadhini, na msikiti wetu una kipaza sauti. Kipaza sauti hakina siri. Ukipiga chafya, nacho kinapiga, ukiguna, kinaguna. Basi ule mwaka, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila nilipovuta pumzi niseme "Hayya ala-swalah," kikohozi kikavu kilinikaba, na waliokuwa madukani na waliokuwa mashambani wote wakakisikia. Watoto wa chuo cha Kurani wakapata mchezo: mmoja anaadhini, mwenzake anakohoa.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyepewa tembe za presha, kisha akaona dawa yenyewe imemletea balaa jingine, akataka kuzitupa. Mimi nilitaka kuzitupa. Udaktari siujui, wala sitajifanya naujua. Nitasema yaliyonipata tu, sasa kwa kuwa yamepita na naweza kuyacheka baadhi yake.

Presha iligunduliwa wakati wa kusi, siku za baridi. Kila nikiamka kisogo kilikuwa kinaniuma, nami nikaulaumu mto. Mke wangu Mejumaa akanibadilishia: akaleta wa sufi, akaleta wa pamba, mwisho akanikunjia kanga zake mbili nilalie. Asubuhi ya tatu akanitazama nimejishika shingo, akasema, "Si mto, Baba Mwanasha. Ni hicho kichwa chenyewe. Vaa twende."

Mwanasha ni binti yetu wa pekee, ameolewa Mtopanga, kule Kisauni. Mejumaa huniita kwa jina la mtoto siku zote. Akiniita Salimu, hapo najua pana jambo.

Zahanati tulimkuta Sista Kadzo, Mgiriama mwenye mwili na sauti, mcheshi lakini haogopi mtu. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapima. Akakifungua, akanifunga mkono wa pili, akapima tena.

"Baba, umekuja na nini?"

"Na miguu, mwanangu."

"Basi kurudi hurudi na miguu leo. Kaa hapo kwenye benchi, usisimame mpaka nikwambie."

Nikakaa. Tangu siku ile nimekaa kwenye benchi lile mpaka najua msumari upi unachana kanzu. Kinamama waliokuja na watoto wao wakiniona walishangaa. "Maskini, hata muadhini?" Utadhani wamenifuma mahali pasiponistahiki. Lakini hao hao ndio walionisogezea nafasi penye upepo, na mmoja, simjui hata jina, akawa kila kliniki ananiwekea zamu kwa kuacha kiatu cha mwanawe juu ya benchi.

Tembe za kwanza zilikuwa za kutoa maji mwilini. Hizo zilinipeleka msalani mpaka nikaona haya. Naadhini, natoka mbio, narudi kutawadha, na watu wamekwisha kaa wanangoja ikama, ule wito wa kusimama kuswali. Maalim Omari, imamu wetu, hakunisema hata siku moja. Alirefusha sunna zake, akawa anasujudu pole pole hadi asikie ndara zangu zikivuliwa mlangoni. Nilimpenda sana kwa jambo hilo, na sijawahi kumwambia.

Presha haikushuka vya kutosha. Ilipoingia vuli, Sista Kadzo akaniongezea nyingine, kaptopril, moja mara tatu kwa siku, kabla ya chakula. Wiki ya kwanza ulimi wangu ukageuka. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya sarafu. Chumvi nilikuwa nimekatazwa tangu mwanzo, hiyo nilikwisha izoea, lakini hili lilikuwa jingine. Mchuzi wa nazi wa Mejumaa, niliokula miaka thelathini nikakomba sahani, nikawa nausukuma. Yeye anaondoa sahani, anakwenda kusimama uani akinipa mgongo.

Lakini presha ikashuka! Sista Kadzo aliipiga meza kofi. "Haya sasa, Baba, ndivyo!" Kisogo kikaacha kuuma, nikalala kwenye mto wowote. Nilifurahi kwa wiki mbili hivi, ndipo kikohozi kikaja.

Hakikuwa na makohozi, wala homa, wala kifua hakikuuma. Ni mtekenyo tu hapa kooni, mithili ya unyoya uliokwama. Nikilala chali kinakuja, nikicheka kinakuja, na nikivuta pumzi ndefu ndiyo hasa kinakuja. Na kazi ya muadhini ni nini kama si kuvuta pumzi ndefu? Babu yangu aliadhini msikiti ule ulipokuwa wa makuti, akaadhini baba yangu, nikaadhini mimi tangu ndevu hazijanitoka. Mali sikurithi. Nilirithi minazi michache, shamba la mihogo, na ile sehemu ya kusimama. Watu waliniambia kwamba wakinisikia alfajiri hata uzito wa kuamka huwaondokea. Nami nilikuwa naringa kwa hilo, sikatai.

Dawa za mtaa zikaanza kuingia nyumbani kwangu. Tangawizi na asali. Mafuta ya habasoda. Kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa, nikanywa. Bibi mmoja jirani akaja na ndimu za kuchoma zilizojazwa chumvi tele, na kwa kuwa sikutaka kumvunja moyo nikazifyonza zote mbele yake. Kliniki iliyofuata kipimo kikapanda, Sista Kadzo akaniuliza nimekula nini, nikamwambia, akashika kiuno.

"Chumvi, Baba? Chumvi niliyokukataza, umeila ili upone kikohozi?"

"Aliileta mtu mzima, Sista. Ningemrudishaje?"

Kisha watu wakaanza kunong'ona kwamba ni kifua kikuu. Nilipelekwa nikatoa makohozi, na kuyapata tu ilikuwa kazi. Majibu yakaja safi, lakini watu hawasomi majibu yako. Kikombe changu cha kahawa pale barazani kikawa cha peke yake. Msikitini mwenzangu wa kulia akawa anaacha nafasi. Mwanasha alivuka mji mzima na feri, akaja akalia, akataka nihamie kwake Mtopanga niwe karibu na hospitali kubwa. Nikamwuliza, huko Mtopanga nitaadhini wapi? Akalia zaidi.

Sista Kadzo ndiye aliyesema kwanza. "Watu wengine tembe hizi huwakohoza. Nitakuandikia barua umwone daktari ng'ambo ya feri. Lakini tarehe niliyopata ni baada ya Idi. Vumilia, na usiache dawa. Umenisikia, Baba? Usiache."

Nilisikia nusu tu, ile ya kwamba kikohozi ni cha tembe. Nikarudi nyumbani nimekwisha kata shauri.

"Naziacha," nikamwambia Mejumaa. "Bora kisogo kiume, niadhini."

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Ukiziacha, mimi narudi kwetu."

"Kwenu kuna nani, nawe wazee wako wote wamekwisha tangulia?"

"Kuna makaburi yao. N'takwenda niwaambie kwamba yule mume waliyenichagulia amechagua sauti, mimi kaniacha."

Sikuziacha. Nikamwachia kipaza sauti Kassim, muuza mihogo wa kukaanga, rafiki yangu tangu utotoni. Mtu mwema Kassim, ila anaadhini mbio utadhani mafuta yanaungua. Mimi nikabaki na isha peke yake, kwa kuwa jioni kikohozi kilikuwa kinapungua kidogo.

Ndipo Ramadhani ikaingia, katikati ya joto la kaskazi, nami nikafanya kosa langu. Tembe ni mara tatu kwa siku, nami mchana nimefunga. Kuacha nimekatazwa, na kwa Mejumaa nimeahidi. Nikafikiri, nikapata njia iliyonipendeza: tatu ni tatu. Jua likizama nilikula tende moja, nikameza tembe zote tatu kwa mpigo, nikashushia maji. Niliona nimewatendea haki wote, Mungu na daktari. Kila jioni nilikuwa nasikia kizunguzungu nikisimama, nikasema ni njaa. Na maji ya kumezea alikuwa ananiletea Mejumaa mwenyewe.

Siku moja, kumi la kwanza halijaisha, nilishinda juani napalilia mihogo. Nikafuturu, nikameza zangu tatu, nikaenda kuadhini isha. Ninayoyasimulia hapa nimeambiwa, maana mimi sikumbuki. Walisikia "Allahu akbar, Allahu akbar," kisha mshindo, kisha kipaza sauti kikalia mlio mkali, kisha kimya. Mejumaa alikuwa anaosha vyombo vya futari. Alikuja mbio bila buibui, na kanga yake ya jikoni, mikono ina povu. Akaingia kwa mlango wa wanaume, akapita katikati ya safu, na Maalim Omari anasema hakuna aliyethubutu kumwambia neno, wakamfungulia njia. Akapiga magoti akanishika uso.

"Salimu," akasema. "Salimu. Salimu."

Nilipopata fahamu nilikuwa nyuma ya pikapu, tunangoja feri, kichwa changu mapajani pake. Jambo la kwanza nililofanya ni kukohoa. Akacheka na kulia kwa pamoja.

Asubuhi yake tukakaa mbele ya daktari, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mejumaa alikaa kando yangu.

"Mzee, ulikunywa tembe ngapi jana?"

"Tatu, daktari. Kama nilivyoandikiwa."

"Saa ngapi na saa ngapi?"

"Saa ya kufuturu."

"Zote?"

"Mchana nimefunga, daktari. Lakini wallahi sikupunguza hata moja."

Daktari akaweka kalamu chini. Nilidhani atacheka, na nadhani alitaka, lakini alimwona Mejumaa. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya leso. "Na maji nilikuwa nampa mimi," akasema. "Kila siku. Kwa mkono wangu huu."

"Mama, hukujua," daktari akamwambia. "Hata sisi hatukuuliza."

Neno lile lilinipoza moyo. Basi wewe unayefunga, mwambie anayekuandikia dawa kwamba unafunga, kabla hajakuuliza, maana huenda asikuulize. Usipige hesabu zako mwenyewe. Mimi zangu zilitimia, nikaanguka.

Daktari akanisikiliza nikikohoa, akasema kuna dawa mpya, ya namna nyingine, ndiyo kwanza inatufikia. Inashusha presha nayo, lakini kwa watu wengi haileti kikohozi kile. Jina lake losartan. Nililijifunza silabi kwa silabi kama mtoto anavyojifunza alifu.

"Hii ni mara ngapi?" Mejumaa akawahi kuuliza.

"Mara moja tu kwa siku."

"Moja?"

"Moja, mama. Siku za kufunga, akishatengemaa na nikimruhusu, ataimeza usiku. Saumu yake haitaguswa."

Tukatazamana. Nikamwuliza daktari kwa nini sikupewa hiyo mwanzo, akasema haipatikani kila mahali, na bei yake si ya mchezo. Bei sitaitaja, nisije nikapandisha presha ya msomaji. Mkwe wangu aliipata kwenye duka moja la dawa mjini, na kila mwezi Mwanasha akawa anavuka nayo feri, ameifunga kwenye leso, ameifutika kifuani kama dhahabu. Daktari akataka pia nipimwe damu baada ya siku kadhaa, na nisijimiminie madafu ovyo, maana hayapatani na dawa hiyo. Hilo la madafu liliniuma kuliko sindano, mimi mwenye minazi, lakini nilikuwa nimechoka kubishana na watu wanaojua.

Jingine lililoniuma ni kwamba alinizuia kufunga siku zote zilizobaki. Sikuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu nilipobaleghe. Mejumaa alinipikia uji, akaniweka chumba cha nyuma, kisha akakaa mlangoni akinipa mgongo, amefunga, midomo imemkauka, ili mtu akija asinione nikila. Nililia ndani ya uji ule. Akaniuliza bila kugeuka, "Umezidi utamu?" Nikasema ndiyo, umezidi.

"Kikohozi hakitaondoka leo wala kesho," daktari alikuwa amesema. "Kipe wiki kadhaa." Nikakipa. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, nikasema moyoni tumedanganywa. Idi ikaja, takbira akaongoza Kassim, nami nikaitikia kwa kunong'ona nisije nikawakoholea watu. Kliniki, Sista Kadzo akapima, akasema presha imetulia, akanipa mkono kama wanaume wapeanavyo. Katikati ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Kassim alikuwa barazani anasimulia jinsi mbuzi alivyomlia mihogo, nikacheka mpaka machozi, na nilipomaliza kucheka nikangoja. Hakikuja. Sikumwambia mtu. Nikangoja siku tatu nyingine.

Ulimi nao ukarudi. Siku moja nilionja mchuzi nikasema, "Mbona chapwa hivi?" Mejumaa akaacha kula. "Chapwa, si sarafu?" Nikasema chapwa tu. Alifurahi utadhani nimemsifu.

Basi Maalim Omari akaniambia nirudi, nianze na adhuhuri. Asubuhi ile Mejumaa akaniletea tembe na maji kama kawaida, akaenda kisimani. Nami nikaitazama ile tembe kiganjani. Wiki nzima sijakohoa, na nilikuwa nikizimeza kila siku, hilo nalijua. Lakini hofu haina akili. Nikajiambia, leo tu. Leo nisiwe na tembe yoyote mwilini. Nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikanywa maji matupu, nikaweka glasi tupu mahali atakapoiona.

Niliadhini. Sijui niseme nini, ila niliadhini kama nilivyokuwa naadhini. Sauti ilipanda mahali pake ikashuka mahali pake, na pale kikohozi kilipokuwa kinaningoja nikapita salama. Kassim alinikumbatia akaninyanyua. Hata jirani yangu wa safu akaja akanigusa bega.

Nikaenda nyumbani natembea kifua mbele, nikavua kanzu, nikakaa ningoje kusifiwa. Mejumaa akaichukua akaifue. Kabla hajaitia majini akapapasa mifuko, maana huwa nasahau tasbihi. Akarudi na kiganja wazi.

"Hii nini, Salimu?"

Ni ile tembe.

"Nilisimama mlangoni nikakusikia mwanzo mpaka mwisho. Nikashukuru. Nikasema, alhamdulillahi, mume wangu amepona. Sasa niambie weye. Ile ilikuwa sauti ya mtu aliyepona, au ya mtu aliyeacha dawa?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli. Niliiharibu furaha yangu mwenyewe kwa mkono wangu.

"Mimi sikuolewa na sauti."

Sikuwahi kuona haya mbele ya mke wangu kama siku ile. Nikamwomba maji. Akaleta, akasimama mbele yangu mpaka nikameza, akaniambia nifungue mdomo, nikaufungua kama mtoto. Kisha nikamwambia alasiri nitaadhini tena, na hii tembe iko tumboni, na kikohozi kikija na kije, mtaa wote usikie, lakini sitaiacha tena. Akaenda kuifua kanzu.

Alasiri ile niliogopa kuliko adhuhuri. Nilishika kipaza sauti. Nikaanza. Nilipofika mahali pale nikavuta pumzi yote niliyoweza, nikaisikia inapita kooni, inapita, haina pa kugota, nikaitoa. "Hayya ala-swalah." Nikairudia. Koo lilikuwa wazi, na tembe iko ndani, na nilimaliza bila kukohoa hata mara moja.

Baada ya sala sikungoja mtu. Nilikwenda nyumbani haraka nikamwambie, japo nilijua amesikia. Nikamkuta amelala kwenye mkeka pale ukumbini, ubavu, mdomo wazi kidogo. Tangu siku niliyoanguka hakuwahi kulala mchana. Nilikuwa nikijipumzisha baada ya adhuhuri, naye anakaa kando yangu na ukili wake, anasuka na kunitazama kifua. Alidhani sijui. Nikavua ndara, nikakaa chini karibu naye, nikawa nimemtazama yeye anavyopumua.

Kassim akaja uani kwa shangwe zake, anapiga makofi, anaita, "Muadhini! Muadhini, yakhe!"

Nikajiwekea kidole mdomoni. "Taratibu," nikamwambia. "Mama Mwanasha kalala."